Kidonda Kisichouma, Kutoka Mengo Hadi Kumasi

Kuna kidonda ambacho tabibu yeyote wa ngozi katika ukanda wa maziwa makuu anapaswa kukijua hata kama atastaafu bila kukutana nacho. Huanza kwa uvimbe mdogo chini ya ngozi, mgumu, unaosogea ukiusukuma kwa kidole. Hauumi. Mgonjwa hana homa. Mtoto anaendelea kucheza, mama anaendelea kumwogesha, na akitokea wa kuuliza ataambiwa ni jipu, litaiva lenyewe. Wiki zinapita. Ngozi inapasuka katikati na kuacha tundu dogo, ambalo asiyejua atalibandika plasta na kumrudisha mtoto nyumbani. Wakati huo mafuta yaliyo chini ya ngozi yameshakufa, na sehemu iliyoharibika ni kubwa mara nyingi kuliko tundu lenyewe.

Vitabu vinakiita kidonda cha Buruli. Mimi nilifundishwa habari zake Moshi, katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 kwenye hospitali ya KCMC. Kituo hicho kilizaliwa kwa ubia wa Wizara ya Afya ya Tanzania, Good Samaritan Foundation na wakfu wa kimataifa wa madaktari wa ngozi. Kinapokea maafisa tabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, zikiwamo zile ambazo madaktari bingwa wa ngozi ni wa kuhesabu kwa vidole, kinawafundisha miaka miwili, kisha wanarudi wilayani kwao. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa mabwenini kuliko darasani. Ukikaa meza moja na mtu wa Uganda, Malawi au Ethiopia, unajua magonjwa ambayo mwalimu wako mwenyewe hajayashika kwa mkono.

Mwenzetu mmoja Mganda, mtu mzima kuliko sisi sote, aliwahi kufanya kazi karibu na Mto Nile. Alikuwa na picha za zamani alizozitunza ndani ya bahasha ya hospitali. Moja sijaisahau. Ni mguu wa mtoto, chini ya goti. Tundu ni dogo, limejaa utando wa njano unaong'ang'ania chini. Ngozi inayolizunguka ni nzima kwa kuitazama, ila imekuwa nyeusi zaidi kidogo na inang'aa. Mkono wenye glavu umeshika kijiti chembamba cha chuma, na kijiti hicho kimepita chini ya ngozi ile nzima hadi kimebaki kipande kidogo tu nje.

"Dada," aliniambia, "tundu litakudanganya. Wewe pima kingo. Na umtazame mtoto usoni unapopima. Halii."

Mtoto wa jipu hulia kabla hujamgusa. Huyu wa Buruli anakuangalia tu unavyoingiza chuma chini ya ngozi yake. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kujua kwa nini halii na namna ya kumponya bila kumkata. Mengi ya mwanzo wa habari hiyo yalitokea hapa kwetu, ng'ambo ya Ziwa Victoria, na nasikitika kwamba wahudumu wengi wa afya wa Afrika Mashariki hawayajui.

Maandishi ya kwanza yanayokubalika kuwa yanahusu ugonjwa huu ni ya daktari Albert Cook, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Uganda mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo, Kampala. Cook alikuwa na tabia moja njema: kila mgonjwa alimwandika. Jina, alikotoka, alichokikuta, alichokifanya. Mwaka huohuo wa 1897 aliandika habari za vidonda vikubwa ambavyo wataalamu wa baadaye, wakisoma kumbukumbu zake, walivitambua. Yeye mwenyewe hakujua ameona nini. Lakini aliandika, na makabrasha yake yakatunzwa Makerere, katika maktaba ya tiba yenye jina lake.

Kijidudu chenyewe kilitambuliwa mbali sana na Mengo. Mwaka 1948 Peter MacCallum na wenzake wa Melbourne, Australia, walitoa taarifa ya wagonjwa sita wa eneo la Bairnsdale waliokuwa na vidonda visivyoeleweka. Ndani ya vidonda walikuta bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma, lakini si mmoja wao. Huyu alikataa kukua kwenye joto la kawaida la maabara, nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wa binadamu. Walipomshusha hadi kama nyuzi 32 akakubali, tena polepole, kwa wiki nyingi. Akapewa jina Mycobacterium ulcerans. Kwa sisi tunaofunga vidonda, habari hii ya joto inaeleza mambo mengi kwa pamoja: kwa nini ugonjwa unapenda mikono na miguu, ambako mwili umepoa, na kwa nini hauingii mapafuni wala kwenye ini.

Baada ya hapo zamu ikarudi Uganda. Mwaka 1961, nchi ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza, jarida la Lancet lilichapisha makala kuhusu vidonda vya ngozi vya Uganda, yenye majina ya waandishi wanne: Clancey, Dodge, Lunn na Oduori. Kila ninapoyasoma majina hayo macho yangu hukaa kwenye la mwisho. Katika zama ambazo Mwafrika hospitalini alitajwa kama "msaidizi" au hakutajwa kabisa, jina la kwetu limekaa pale na mengine. Wagonjwa wengi walitoka kaunti ya Buruli, karibu na Ziwa Kyoga, sehemu ambayo leo ni wilaya ya Nakasongola, na jina la mahali likawa jina la ugonjwa. Mwaka 1965 jarida la East African Medical Journal la Nairobi likatoa habari za eneo jingine tena, wilaya ya Madi, kaskazini kando ya Nile. Mwaka uliofuata Connor na Lunn wakaeleza kwa kina wagonjwa 38 wa Uganda, kuanzia walivyoonekana kwa macho hadi nyama ya vidonda vyao ilivyoonekana chini ya darubini.

Kisha ikaja Kinyara, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugonjwa ulipoanza kueleweka kama jambo la watu na mahali wanapoishi.

Kinyara ilikuwa makazi ya wakimbizi wa Rwanda huko Bunyoro, karibu na Nile. Watu waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959 walipewa ardhi pale, wakalima, wakachota maji, na watoto wao wakaanza kuota vidonda ambavyo huko walikotoka hawakuwa wakivijua. Watafiti waliokusanyika Makerere na hospitali ya Mulago wakajiita Uganda Buruli Group, wakaenda Kinyara. Ndani ya kundi walikuwamo Waingereza, Wamarekani na Waganda, madaktari wa upasuaji, wataalamu wa maabara na watu wa hesabu. Mmoja wao alikuwa David Barker, kijana wa Kiingereza aliyefika Uganda mwaka 1969, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa kazi nyingine, ile ya kuonyesha uhusiano wa uzito wa mtoto anapozaliwa na maradhi ya moyo ukubwani.

Kwa nini Kinyara ilifaa kwa utafiti? Kwa sababu chungu: mkimbizi huandikwa. Inajulikana amefika lini, yuko na nani, amepewa kiwanja kipi. Mwanakijiji wa kawaida hakuna anayejua alianza kuishi lini kando ya mto, lakini mkimbizi anajulikana. Ukiweka tarehe ya kufika kando ya tarehe ya kuvimba, na nyumba ya mgonjwa kando ya umbali wake kutoka mtoni, ugonjwa unaanza kusema. Ulisema kwamba waathirika wakuu ni watoto wa miaka 5 hadi 14, na kwamba kukaa karibu na Nile ni hatari zaidi. Barker na wenzake walihusisha mlipuko huo na mvua kubwa za 1961, zile ambazo wazee wa kanda ya ziwa bado wanazisimulia, zilizopandisha maji ya Ziwa Victoria na kufurisha Nile na mabwawa yake. Walishuku hata majani makali ya kinamasi yanayokwaruza miguu. Jibu kamili la jinsi bakteria anavyomwingia mtu halikupatikana, na hadi leo wanasayansi wanalitafuta, ingawa huko Australia ushahidi dhidi ya mbu umekuwa mzito.

Nimejiuliza mara nyingi waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba ni akina nani. Profesa kutoka London hazungumzi Kinyarwanda. Hawezi kumuuliza bibi uvimbe wa mjukuu wake ulionekana kabla au baada ya mavuno, akajibiwa sawasawa. Mtu wa namna hiyo lazima awe wa hapohapo: karani wa kambi, mfunga vidonda, mwalimu wa shule. Na lazima bibi naye akubali kumfunua mjukuu na kumwacha mgeni amguse. Kazi hiyo ndiyo utafiti wenyewe. Hesabu zinazokuja baadaye zinaweza kufanywa popote penye meza na kalamu, ila zikikosa jibu la bibi hazina la kuhesabu.

Kundi lile halikuishia kuchora ramani. Lilijaribu chanjo. BCG, ile tunayowachoma watoto begani kuwakinga na kifua kikuu, ilishaonekana nchini Uganda kusaidia dhidi ya ukoma: jaribio lililoanza Teso mwaka 1960, kwa watoto wa nyumba zenye wagonjwa wa ukoma, lilionyesha kinga ya takribani asilimia 80. Je, haiwezi kumzuia na huyu ndugu yao wa tatu? Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1969. Ya mwisho yalitoka 1977, na jina la Lukwago likiwa miongoni mwa waandishi: kinga ya asilimia 47, tena ya muda mfupi, ambayo baada ya miezi michache ilififia. Walijaribu pia clofazimine, dawa ya ukoma. Taarifa ya 1973, ambayo Ateng ni mmoja wa waandishi wake, ilisema waziwazi kwamba haikusaidia.

Nawaheshimu kwa taarifa hiyo kuliko nyingine zote. Kuchapisha kwamba dawa uliyoitumainia imeshindwa ni uungwana, kwa sababu kila mtoto atakayekuja baadaye ataepushwa na miezi ya kumeza vidonge visivyofaa.

Lakini ilipotoka taarifa ya 1973 kazi yenyewe ilikuwa imeshavunjika. Idi Amin alichukua nchi Januari 1971, mwaka uliofuata akawafukuza Waasia, na wageni wengi wa Makerere wakaondoka, Barker akiwamo. Wauguzi na madaktari Waganda waliobaki walibaki na wodi zisizo na shashi. Yaliyochapishwa miaka ya mwisho yalikuwa mavuno ya shamba lililokwisha kuachwa. Nchi iliyoupa ugonjwa jina ikatoweka kwenye orodha ya watafiti wake.

Jambo moja la wakati huo lilitokea kwa jirani. Huko Zaire, daktari Wayne Meyers na wenzake walifikiri hivi: kama bakteria huyu hapendi joto, tumpe joto. Wakavika viungo vilivyoathirika vazi lenye maji ya moto yanayozunguka, wakaweka joto hilo juu kwa wiki kadhaa, na mwaka 1974 wakaripoti kwamba vidonda vilipona bila kukatwa. Fikra nzuri sana, na mtu yeyote aliyesoma habari za maabara ya 1948 ataona ilikotoka. Ila vifaa vyake havikuwezekana katika zahanati isiyo na umeme, kwa hiyo haikuenda mbali.

Kilichobaki kwa miaka karibu 30 kilikuwa kisu. Ugonjwa ulienea Afrika Magharibi, hasa Côte d'Ivoire, Ghana na Benin, na tiba ilikuwa kukata: kuondoa nyama yote mbovu pamoja na ukingo mpana wa nyama nzima, kisha kupandikiza ngozi iliyochukuliwa pajani. Anayefunga vidonda anaelewa maana yake. Mtoto anakaa wodini miezi, shule inamwacha, mama anaacha biashara. Kovu linapokauka linavuta kiungo, na goti lililojikunja akiwa na miaka tisa litabaki limejikunja siku ya harusi yake, asiposaidiwa kwa mazoezi tangu siku za mwanzo. Wengi walikuja wakiwa wamechelewa, kwa sababu ileile: haikuuma.

Mwaka 1998 viongozi na wanasayansi walikutana Yamoussoukro, Côte d'Ivoire, chini ya Shirika la Afya Duniani, wakatoa azimio la kupambana na ugonjwa huu kwa pamoja. Maazimio huwa mengi, na mengine hufa pale yanapotiwa saini. Hili lilizaa. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walitambua sumu inayotolewa na bakteria huyu, wakaiita mycolactone. Sumu hiyo ndiyo inayoua mafuta ya chini ya ngozi, ndiyo inayowazubaisha askari wa mwili wasije, na ndiyo inayonyamazisha maumivu. Yule mtoto wa kwenye picha alikuwa halii kwa sababu hiyo. Wagonjwa wangu wa ukoma nao hawahisi vidonda vya nyayo zao, lakini wao ni kwa kuwa mishipa ya fahamu imekufa.

Kisha zikaja dawa. Nchini Ghana, taarifa ya 2005 ilionyesha kwamba rifampicin na streptomycin, dawa za siku nyingi za kifua kikuu, zikitumika kwa wiki kadhaa huua bakteria ndani ya kidonda. Mwaka 2007 wenzao wa Pobè, Benin, waliripoti wagonjwa 224 waliopewa dawa hizo kwa wiki nane. Karibu nusu walipona bila kukatwa kabisa. Tatizo lilibaki sindano: streptomycin inachomwa kila siku, na inaweza kuharibu masikio. Mtoto apone mguu awe kiziwi? Hapo ndipo Richard Phillips wa Kumasi, akiwa na wenzake wa Ghana, Benin, Ulaya na Australia, walipolinganisha sindano hizo na vidonge vya clarithromycin, kila upande ukiwa na rifampicin. Walishiriki wagonjwa 297 katika hospitali tano za Ghana na Benin. Matokeo yalitoka mwaka 2020: waliomeza vidonge walipona asilimia 96, wa sindano asilimia 95. Sasa tiba ya kidonda cha Buruli ni vidonge kwa wiki nane na usafi wa kidonda, na kisu kimebaki kwa wanaokihitaji kweli.

Mwafrika wa Kumasi ndiye aliyeongoza utafiti huo, kwa wagonjwa wa nchi yake na wa Benin. Umbali kutoka ile makala ya 1961 ni mrefu, na nafurahi kuishi hadi kuuona.

Ila furaha hiyo ina doa, na doa lenyewe liko kwetu. Ugonjwa huu umeripotiwa katika nchi 33. Kwenye ramani hizo sehemu kubwa ya ukanda wetu ni tupu au karibu tupu. Siamini kwamba utupu huo wote ni afya. Ziwa ni lilelile, mabwawa yapo, watoto wanachota maji. Nafanya kazi upande wa Mwanza, na chumbani kwangu wanaingia watu wa kisukari, watoto walioungua uji, wazee wa ukoma, na vidonda vya miaka mingi ambavyo nyumbani vinaitwa donda ndugu na hospitalini viliandikwa "kidonda sugu", basi. Hakuna aliyepima kingo wala aliyechukua kipimo cha maabara. Hata kijiji cha mgonjwa mara nyingi hakikuandikwa.

Na pale kilipoandikwa, hakikutunzwa. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi niliona madaftari ya chumba cha vidonda, ya miaka mingi, yakitolewa stoo na kuchomwa moto nyuma ya jiko ili kupisha magodoro. Mwandiko wa wauguzi waliokwisha kufariki ulikuwa humo: jina, umri, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, siku aliyoanza, siku aliyoruhusiwa. Nililalamika nikaambiwa ni takataka. Cook angechomewa yake, tusingejua kwamba ugonjwa huu ulikuwapo Uganda mwaka 1897. Kinyara wasingeandikwa, tusingejua kwamba mto una neno.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa vituo vya afya na zahanati, hasa wa kando ya Ziwa Victoria, Kyoga na mito inayoyaingia. Madaftari ya vidonda msiyachome. Watafiti mnaokuja na fomu zenu, andikeni kwenye taarifa jina la mfunga vidonda aliyewapeleka nyumba hadi nyumba, na mrudi kijijini kusema mlichokipata. Na mzazi unayesoma haya: uvimbe usiouma ulioota kwa mtoto na kukaa zaidi ya wiki mbili usisubiri uive. Mpeleke akaonwe, na mwambie anayempokea aandike kijiji mnachotoka na maji mnayotumia.